Jiko Lisilo na Kahawa

Bi Zuhura alizikwa Voi siku ya Jumanne, nami nilifika Alhamisi, kwa kuwa habari ilinikuta Wusi kwa binti yangu. Nilivua viatu mlangoni, nikapita katikati ya akina mama waliokaa kwenye mikeka, nikaenda moja kwa moja chumba cha nyuma kabla hata sijampa mkono Mwanaisha, bintiye marehemu. Haikuwa adabu. Lakini macho yangu yalitaka kwanza kujua kama chumba bado kipo. Kilikuwapo: dirisha lile lile dogo, mlango ule ule unaokwama chini, na ile sakafu ya saruji tuliyoinyunyizia maji kila asubuhi ili vumbi lilale. Walikuwa wamepanga humo magunia ya mchele na masufuria ya kuazima. Ukutani, usawa wa bega langu, niliona alama za kahawia za vidole, za watu wawili waliozoea kujishikiza pale wakiinuka kutoka kazini. Zake zipi na zangu zipi, sikuweza kutambua. Pua yangu ilitafuta harufu ya spiriti, ikakuta vitunguu.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni wa hamsini na saba, nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka Werugha, milimani Taita, kuja kumsaidia Bi Zuhura kazi za nyumba, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeanza kupasuka. Mumewe, Fundi Omari, alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa upande wa mbele, wazi kwa barabara. Wateja walimjua yeye. Meza na makabati yalipong'aa walimsifu yeye, naye alizipokea sifa huku akitazama chini. Aliyeng'arisha alikuwa mkewe, ndani, mlango umefungwa. Bi Zuhura alirithi kazi hiyo kwa baba yake Mombasa, na aliifanyia chumbani si kwa kuficha bali kwa sababu ya vumbi la Voi. Vumbi lile jekundu liliingia kwenye unga, kwenye nywele, kwenye kurasa za Biblia yangu. Likitua kwenye polishi mbichi, halitoki tena. Mwaka huo vilevile Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa. Mabehewa ya mahabusu yenye nyavu madirishani yalipopita stesheni, watu sokoni walikatiza mazungumzo katikati ya neno, wakangoja gari la moshi lipotee, ndipo wakamalizia. Nami nilijifunza kufanya kila kitu namna hiyo, nusu ya akili ikisikiliza.

Kufikia Februari vidole vya Bi Zuhura vilikuwa vinatoa damu, na daktari alimwambia asiiguse spiriti tena. Ndipo akaniita chumbani. Alinionyesha magamba ya polishi yalivyo yakiwa makavu, membamba na ya rangi ya asali, kama mbawa za kumbikumbi asubuhi baada ya mvua. Tuliyatia kwenye chupa ya spiriti, tukayaacha yayeyuke siku mbili, tukayachuja kwa kitambaa. Alinifundisha kufunga pamba ndani ya kipande cha kitambaa cha bafta hadi kifanane na tonge la ugali, na tonge ndilo jina alilokiita. Unalilowesha kidogo, unalitia tone la mafuta ili liteleze, kisha unazunguka juu ya mbao, duara ndani ya duara, halafu kama unaandika nambari nane, na wala husimami. Ukisimama, tonge linanata na kung'oa yote uliyoweka. Tabaka moja halionekani. Kumi hazionekani. Kisha siku moja unainama na uso wako unakutazama kutoka ndani ya mti.

"Usiisugue, ipitie," aliniambia. "Wewe wasugua kama mtu aliyeibiwa."

"Naogopa kukosea, Bi."

"Na ukiogopa mkono unakuwa mzito. Mkono mzito ndio ukoseao."

Kwa kuwa sikuuamini mkono wangu, niliamini daftari. Nilinunua la mistari, lenye jalada la bluu, na kila jioni kabla ya chakula niliandika: siku, hali ya hewa, samani, idadi ya tabaka, tulichofanya kwanza na tulichofanya mwisho. Bi Zuhura, ambaye hakusoma ila Kurani, alinicheka. "Mwandishi wa serikali huyo," alimwambia mumewe. "Leo nimekohoa mara mbili, keshaniandika." Ninalo daftari hilo hadi leo. Linasema, kwa mfano, kwamba siku kavu tulianza kazi mara tu baada ya kunyunyiza sakafu, tena tukinywa maji tu. Linasema pia kwamba siku za mvua Bi Zuhura aliingiza jiko la makaa chumbani, akafunga dirisha, akachemsha kahawa ya tangawizi, tukainywa polepole kwenye vikombe visivyo na mikono, kisha akalitoa jiko nje, na hapo ndipo chupa ya spiriti ilipofunguliwa. Niliandika: "Mvua. Kahawa kwanza, halafu kazi." Nilidhani ni desturi ya watu wa pwani, kwamba mvua ikinyesha ni lazima mtu anywe kitu cha moto. Kwetu milimani tungekunywa kutwa nzima.

Mfungo wa mwaka ule uliangukia masika. Bi Zuhura alifunga, lakini mimi alinitilia chakula cha mchana kila siku, kimanga, muhogo na maharagwe ya kwetu, alichojifunza kuponda kwa ajili yangu, akakaa pembeni akiangalia kama nimekimaliza. Siku moja ya mvua aliliingiza jiko kama kawaida, akafunga dirisha, akaketi. Hakuweka birika. Tulikaa mbele ya makaa matupu kwa muda mrefu, jasho likinitoka, kisha akalibeba nje na kazi ikaanza. Sikuuliza. Mtu aliyefunga humwulizi habari za kahawa. Jioni niliandika: "Mfungo. Mvua. Jiko limewashwa, hakuna kahawa. Labda ni mazoea."

Mwezi wa Juni ililetwa meza ya Mwalimu Mwakio wa Werugha. Aliinunua kwa Mzungu wa reli aliyekuwa anahama, meza ndefu ya watu wanane, imepakwa rangi ya kijani ya kupakia milango. Fundi Omari aliigeuza, akakwangua chini yake kwa ukucha wa patasi, akapiga mluzi. Ilikuwa mvule mtupu. Mwalimu aliitaka kabla ya Jumamosi ya mwisho ya Julai, siku ambayo wazee wa upande wa mchumba wa binti yake wangekuja kukaa naye. Niliikwangua wiki mbili nzima, tabaka la kijani, chini yake jeupe, chini yake jingine la kijani, kana kwamba kila aliyeimiliki aliionea aibu. Na adhuhuri moja, nikiwa nimepiga magoti kuisugua kwa msasa, niliwasikia Fundi Omari na mkewe upande wa pili wa ukuta wa mabati, wanakula.

"Zuhura, mikono hiyo itakuua."

"Haiui. Yauma tu."

"Nani atafanya kazi ya chumbani?"

"Binti ataifanya."

"Binti! Binti anaipapasa meza kama anayemkanda mtoto mchanga. Sikiza. Hii ya Mwalimu ikitoka vizuri, watu wa milimani watatuletea kazi, na binti akae. Ikiharibika, nafunga chumba. Nitafanya milango na fremu, na yeye arudi kwao. Nyumba hii haihitaji mtu wa kufagia."

"Itatoka."

"Na isipotoka?"

"Nishakwambia itatoka, Omari. Kula."

Sikula mimi. Kuanzia siku hiyo niliihesabu meza ile kama mtu ahesabuye mapigo ya moyo wa mgonjwa. Niliogopa kurudi, lakini zaidi niliogopa chumba kufungwa. Bi Zuhura hakuwa na kitu kingine duniani kilichokuwa chake peke yake, na sasa alikuwa amekiweka mkononi mwangu bila mimi kuombwa. Alikaa kwenye kigoda kila siku, mikono yake imefungwa vitambaa vilivyoloweshwa mafuta ya nazi, akinielekeza kwa kidevu. Julai upepo ulizidi. Mara mbili nilimaliza tabaka zuri nikakuta asubuhi limekuwa kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa njiani, vumbi limepita chini ya mlango. Mara mbili nililipiga msasa nikaanza upya. Zilipobaki siku sita nikapata wazo, na nililiona la busara sana.

"Bi, tabaka za mwisho nikazifanyie huko huko. Werugha hakuna vumbi. Hewa ni safi, Mwalimu ana chumba chenye sakafu ya mbao. Hapa upepo utanitia aibu."

Hakuwahi kupanda milima ya Taita maishani mwake. Aliijua kwa macho tu, kutoka uani, bluu kwa mbali. "Wewe ndiwe ujuaye kwenu," alisema mwishowe. "Nenda."

Tuliifunga meza kwa blanketi juu ya lori la mboga lililokuwa linarudi tupu, nami nikapanda nikiwa nimepakata kikapu chenye chupa mbili, moja ya polishi na moja ya spiriti. Kabla ya Mwatate palikuwa na kizuizi. Askari alichungulia kikapu.

"Hii nini?"

"Spiriti, afande. Ya meza."

"Meza inakunywa?"

"Afande, mwache huyo," utingo aliingilia. "Huyo ni wa kanisani, na anakaa kwa Waislamu. Pombe amekatazwa pande zote mbili."

Askari hakucheka. Alimimina kidogo kiganjani akanusa, akamimina tena chini akawasha kiberiti, akauangalia moto wa bluu ukikimbia juu ya mchanga, kisha akamimina zaidi kwa sababu ulimpendeza. Aliporudisha chupa ilikuwa imebaki chini ya nusu. Nilimshukuru. Siku zile ulishukuru kwa chochote ulichorudishiwa.

Nilianza kazi Jumatano. Ukungu wa Julai ulikuwa umekaa juu ya Werugha kama kawaida yake, ng'ombe wanasikika lakini hawaonekani, na mimi nilifungua madirisha yote mawili ili hewa safi ya kwetu iingie. Nakumbuka furaha yangu. Tonge liliteleza. Hapakuwa na hata punje moja ya vumbi. Nilipitisha tabaka tatu, nikala viazi vikuu na maziwa lala na watoto wa Mwalimu, nikapitisha jingine, nikaenda kwetu kulala. Alhamisi asubuhi mke wa Mwalimu, Mama Mghoi, alinipokea mlangoni na mikono kiunoni.

"Wakesho, njoo unieleze. Meza imeota mvi."

Ilikuwa imeota kweli. Kutoka upande mmoja hadi mwingine, chini ya mng'ao, weupe wa maziwa ulikuwa umetanda. Niliusugua kwa kitambaa kikavu, haukutoka, kwa sababu haukuwa juu. Ulikuwa ndani.

"Tuliwapa meza ya kijani," Mama Mghoi alisema, "mmetuletea bibi kizee. Wageni ni keshokutwa. Nitandike nini, shuka?"

"Nitaitengeneza, Mama."

"Kwa nini?"

Swali lake lilikuwa la haki. Sikujua kwa nini imekuwa hivyo, wala nitaitengeneza kwa kitu gani. Mwalimu Mwakio alikuja, akainama, akavaa miwani, akaivua. Yeye hakunitukana, na hilo lilinitisha zaidi. "Mwambie Fundi Omari," alisema kwa upole, "kwamba tunashukuru kwa kujaribu." Nilikaa sakafuni karibu na miguu ya ile meza, nikasikia tayari sauti ya mlango wa chumba cha Voi ukifungwa, ukikwama chini kama ulivyo, Fundi Omari akiusukuma kwa bega. Kukimbilia Voi kumwuliza Bi Zuhura kungenilia siku mbili, na sikuwa nazo. Nilikuwa na daftari tu.

Nilisoma kutoka ukurasa wa kwanza. Nilitafuta neno weupe, nikakosa, haukuwahi kutokea. Nilitafuta kosa langu katika polishi, ilikuwa ile ile. Pamba ile ile, mafuta yale yale. Kisha nikasoma siku za mvua peke yake, nikizifuata kwa kidole. Mvua, kahawa kwanza. Mvua, kahawa kwanza. Mvua, kahawa kwanza. Nikafika ukurasa wa mfungo: jiko limewashwa, hakuna kahawa. Niliusoma mara mbili, na hapo dirisha lilipuliza ukungu shingoni mwangu, nikageuka kulitazama. Mwanamke aliyefunga, ambaye hataki kunywa wala kupika, anawasha jiko katika chumba kilichofungwa, analingojea, kisha analitoa kabla ya kufungua spiriti. Anampashia nani moto? Si mimi, nilikuwa natokwa na jasho. Hakubaki mwingine chumbani isipokuwa kabati tulilokuwa tunalifanyia kazi, na unyevu wa mvua hewani.

Nilifunga madirisha. Nilipachika matambara kwenye nyufa, nikamwomba Mama Mghoi karai bovu na makaa kutoka jikoni kwake. Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Unataka kuichoma sasa?" Lakini alinipa, na alikuja mwenyewe na la pili. Tulikaa wote wawili, sisemi neno, yeye akisema mengi, hadi ukuta ukakauka chini ya kiganja changu na kioo cha dirisha kikaacha kutokwa na machozi. Kisha tukatoa makarai yote mawili nje, mbali, hadi kwenye migomba, kwa maana spiriti na makaa haviwezi kulala chumba kimoja. Nilifunga tonge jipya, nikalilowesha spiriti kidogo sana, kidogo kiasi kwamba nikiligusisha shavuni nahisi ubaridi tu, nikalipitisha juu ya meza kwa mkono mwepesi. Sikuwa nimewahi kuwa na mkono mwepesi. Weupe ulirudi nyuma. Uliondoka kama ukungu uondokavyo kwenye kilele cha Vuria saa nne asubuhi, hapa unatoka, pale unasita, na chini yake mvule ukafunguka, mwekundu, wenye mishipa.

"Yesu wangu," Mama Mghoi alinong'ona, na kwa mara ya kwanza alinyamaza.

Nilifanya hivyo Alhamisi yote na nusu ya Ijumaa, makaa ndani, makaa nje. Na kwenye kona ya kushoto ya upande wa dirisha, chupa ikaisha. Niliigeuza juu ya tonge, ikatoa tone moja na baada yake harufu. Hapakuwa na spiriti Werugha nzima. Kilibaki kipande cheupe, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Mama Mghoi alikuwa ametoka kuchuma mboga. Nilitwaa kitambaa chake cha kufumwa kutoka kwenye kabati, nikakitandika pale, juu yake nikaweka chombo cha maua. Aliporudi alisema kimekaa vizuri.

Jumamosi niliwaandalia wageni chai, na sikuona sura ya hata mmoja wao. Niliona mikono tu. Kila mkono uliokaribia kona ile niliuwahi kwa kikombe cha chai. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliegemea kiti, akainamia meza, akajichungulia.

"Mwalimu, meza yako inaniangalia kuliko mimi ninavyoiangalia."

"Inataka kujua kama una nia njema," Mwalimu alimjibu, wakacheka wote, na maneno mazito yakaanza. Hakuna aliyegusa kitambaa.

Voi nilifika Jumatatu. Bi Zuhura alikuwa uani, mikono yake juu ya magoti. Hakungoja nimwamkie.

"Meza?"

"Nzuri, Bi."

"Nzuri yote?"

"Yote."

Alivuta ukingo wa kanga yangu, akainusa. Ilikuwa imejaa moshi wa makaa. Akaniangalia kwa muda mrefu, na mimi nikatazama kuku. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkebe wa bati alimokuwa akihifadhi matonge yake, yale yaliyozoea mkono wake, akaniwekea mapajani. Mwezi wa Septemba makabati mawili yalishuka kutoka milimani, na baada yake mengine. Chumba hakikufungwa. Nilifanya kazi humo miaka kumi na minne, nikafundisha wengine wanne, na kila mmoja nilimweleza kwa maneno jiko ni la nini, siku ya kwanza kabisa. Lakini neno lile "yote" nililibeba. Hata nilipokuwa na watoto wangu nilijiuliza angefanya nini kama angejua kwamba alinipa mkebe kwa ajili ya meza nzima, na haikuwa nzima.

Siku ile ya msiba nilirudi kwenye mikeka nikampa Mwanaisha mkono, nikaketi naye. Alisimulia mama yake alivyokwenda, kwa amani, baada ya alasiri. Kisha, kama watu wafanyavyo matangani, akahamia vituko vya zamani. Alinikumbusha Mwalimu Mwakio alipofariki, mwaka wa sitini na nane, nilipokuwa nimejifungua na sikuweza kwenda. Bi Zuhura alikwenda kwa niaba yangu, mara yake ya kwanza na ya mwisho kupanda milima, na Mwanaisha ndiye aliyemsindikiza. Walikaribishwa chai kwenye meza ile.

"Mama alikuwa na tabia mbaya ya kupekua," Mwanaisha alisema. "Mwenye nyumba kageuka tu, yeye kasogeza maua, kainua kitambaa. Nikamfinya. Alipatazama pale mahali, akapapasa kwa kidole, akakirudisha kitambaa na kukinyoosha vizuri. Njiani nikamwuliza, mama, ulikuwa watafuta nini?"

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Hapo ndipo spiriti ilipomwishia mwanangu.' Basi. Sikumwelewa, nami sikuuliza tena."

Nje mvua ilikuwa imeanza, na mtu aliingiza jiko la kahawa ya wafiwa, akalitua katikati yetu. Nilisogea, nikalipisha likae karibu na mlango wa chumba cha nyuma.